Kura moja ya Chake Chake ilikuwa nzito kuliko kilemba cha Sultani

Tangu Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar aliyepinduliwa Januari 1964, afariki dunia mjini Muscat tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 95, neno "kama" limepata uhai mpya katika mazungumzo ya Wazanzibari. Januari ikikaribia, picha zake za ujanani huanza kupita kutoka simu hadi simu zikiwa na maneno yale yale: kama asingepinduliwa, kama Waingereza wangeleta askari, kama angepewa hata miaka mitano. Upande wa pili hujibu kwa ukali kwamba hizo ni ndoto za watu waliopoteza mashamba. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na naona pande zote mbili zimekubaliana bila kujua juu ya jambo ambalo si kweli, kwamba kilichokuwa kikigombewa mwaka 1964 ni kilemba cha Sultani. Kwa maoni yangu, ukoo wa Busaidi, ukoo wa masultani hao, ulikuwa umekwisha kupoteza uwezo wa kugeuza mwelekeo wa Zanzibar karibu miaka 70 kabla ya usiku wa Mapinduzi. Milango iliyokuwa wazi kweli ilikuwa kwingine, na mmoja wao ulifungwa kwa tofauti ya kura moja tu, Chake Chake, kisiwani Pemba, katika uchaguzi wa Januari 1961.

Wapo wanaosema historia haina "kama". Sikubaliani nao. Anayesema Mapinduzi yalisababishwa na mgawanyo mbaya wa majimbo tayari amesema kwamba majimbo yangaligawanywa vizuri, Mapinduzi yasingalitokea. Hakuna sababu yoyote katika historia isiyobeba "kama" tumboni mwake. Kiswahili chenyewe kilituwekea njia mbili za kuwaza lisilokuwa: -nge- kwa jambo ambalo bado lina nafasi, na -ngali- kwa lile ambalo wakati wake umepita. Siku hizi wengi wetu tunazichanganya, na nadhani hata mjadala wetu umechanganyika kwa njia hiyo hiyo. Anayesema "ufalme ungerudi" na anayesema "ufalme usingalianguka" hawazungumzii jambo moja, ingawa hukaa baraza moja wakipigiana kelele. Kitu kinachotofautisha "kama" ya maana na porojo ni nidhamu. Unabadilisha jambo dogo ambalo siku ile lingaliweza kwenda upande mwingine bila muujiza, unayaacha mengine yote yalivyokuwa, kisha unatazama hatua chache za mbele na kunyamaza. Anayemwokoa mfalme mmoja na kutujengea maghorofa ya miaka sitini baadaye amekwisha kuiacha historia.

Chukua kwanza mfano wa mbali usiotuuma. Novemba 1817 Charlotte, mjukuu pekee wa halali wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alikufa muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume ambaye hakuwa hai. Baadhi ya baba zake wadogo, makapera wa umri mkubwa, wakakimbilia ndoa ili apatikane mrithi, na katika mbio hizo ndimo alimozaliwa Victoria mwaka 1819. Basi ni kweli kwamba Charlotte angaliishi, Malkia Victoria tunayemjua asingalikuwapo. Wengi hapo huruka moja kwa moja hadi ramani mpya ya dunia. Lakini itazame Hanover, ufalme wa Kijerumani uliokuwa chini ya mfalme huyo huyo wa Uingereza tangu 1714. Sheria yake haikumruhusu mwanamke kurithi maadamu yupo mwanamume wa ukoo, kwa hiyo Victoria aliporithi Uingereza mwaka 1837, Hanover ilikwenda kwa baba yake mdogo Ernest Augustus na falme mbili zikaachana. Je, Charlotte angaliuzuia utengano huo? Naye alikuwa mwanamke. Baba yake, George wa Nne, alifariki mwaka 1830, kwa hiyo Hanover ingalimwendea baba yake mdogo William, na utengano ungalikuja miaka saba mapema zaidi. Mtu amebadilika, kanuni imebaki, na tokeo limerudi kwa njia nyingine. Naomba msomaji aishike Hanover mkononi tunapoingia Unguja.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, ndani ya meli yake iliyoitwa Victoria, akitoka Muscat kurudi Unguja. Aliacha dola iliyokanyaga pwani mbili zilizotenganishwa na bahari nzima, pamoja na watoto wengi wa mama mbalimbali. Mwanawe Barghash alikuwa naye melini. Badala ya kutangaza msiba, Barghash aliuteremsha mwili wa baba yake usiku, ukazikwa kimya kimya, naye akataka kuishika ngome kabla kaka yake Majid hajapata habari. Jemadari wa Mabulushi, askari wa kulipwa kutoka Baluchistan, akakataa kumfungulia. Kwa saa chache zile, dola nzima ya Afrika Mashariki ilining'inia kwenye utiifu wa askari mmoja wa mshahara. Miaka mitatu baadaye Barghash alijaribu tena. Dada yake Salme, msichana mdogo aliyekuwa anajua kuandika, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao, na nyumba ya Barghash ilipozingirwa alitoroshwa katikati ya kundi la wanawake, naye kajifunika mavazi ya kike, askari wakawapisha njia kwa heshima. Uasi ukazimwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, Barghash akapelekwa Bombay.

Visa kama hivi ndivyo vinavyowavuta wapenzi wa "kama", na siwalaumu. Swali wanaloliuliza zaidi linamhusu Khalid bin Said. Mwaka 1844 Seyyid Said aliiandikia serikali ya Uingereza kwamba akifa, mwanawe Khalid atashika milki ya Afrika na mwanawe mwingine, Thuwaini, atashika Oman. Khalid alifariki mwaka 1854, miaka miwili kabla ya baba yake, na nafasi yake ikaenda kwa Majid, mpole na mgonjwa wa mara kwa mara. Khalid alipenda mambo ya Kifaransa kiasi cha kuliita shamba lake Marseilles, na ndilo shamba ambalo baadaye waasi wa Barghash walijichimbia. Kwa hiyo, wanasema, Khalid angaliishi, Unguja ingaliegemea Paris badala ya London. Labda. Lakini isomeni tena ile barua ya 1844. Mzee mwenyewe alikwisha kuigawa dola kwa mkono wake miaka 12 kabla ya kufa. Khalid hai angalikabiliana na Thuwaini yule yule wa Muscat aliyedai haki zile zile za ushuru wa forodha ya Unguja, fedha iliyokuwa imeifanya Oman iishi vizuri kuliko ardhi yake ilivyoweza. Ugomvi ungalikuwapo, na mwamuzi angalihitajika.

Mwamuzi aliyepatikana alikuwa Lord Canning, Gavana Mkuu wa India ya Waingereza. Tarehe 2 Aprili 1861 aliamua kwamba Zanzibar na Muscat ziwe dola mbili, na kwamba Zanzibar imlipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Kabla ya hapo Brigedia Coghlan alitumwa kuchunguza nani ana haki, na alichokikuta ndicho kiini cha jambo zima: hapakuwa na kanuni. Katika mapokeo ya Kiibadhi, madhehebu ya watawala wa Oman, imamu huchaguliwa, harithishwi. Seyyid Said hakuwahi kuchaguliwa imamu, na mwaka 1806 alijihakikishia mamlaka kwa kumuua binamu yake Badr bin Saif. Utawala ulikuwa wa yule aliyeweza kuutwaa na kukubaliwa. Utaratibu wa namna hiyo unafaa kwa nchi yenye makabila na ngome zake, ambako anayeshindwa hurudi mlimani kujipanga upya. Ukiwa na jirani mwenye manowari ni hatari kubwa, kwa sababu kila msiba wa kifalme unakuwa mwaliko kwake. Kwangu mimi hiyo ndiyo "kama" ya kweli ya karne ile: lau Seyyid Said angaliweka kanuni ya urithi, yoyote ile, ikasomwa na kuapiwa na wanawe na mashekhe wa pande zote mbili angali hai, Calcutta, makao ya Gavana Mkuu wa India, isingalipata nafasi ya kuwa kadhi wa nyumba ya Busaidi. Jambo hilo halikuhitaji muujiza, kwani alikuwa na miaka 50 ya utawala wa kulifanya.

Baada ya 1861 kila msiba uliwakuta Waingereza karibu zaidi na mlango. Jambo la kusikitisha na la kufundisha zaidi ni la Khalid mwingine, Khalid bin Barghash. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia Kasri na kujitangaza bila idhini ya balozi wa Uingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika mbili, manowari zilianza kupiga, na kabla ya saa nne kufika kazi ilikuwa imekwisha, mamia ya watu wa Unguja wakiwa wamekufa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akakaa humo wiki kadhaa huku askari wakimngoja nje. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa mpaka kwenye ukuta wa bustani ya ubalozi, mashua ya Kijerumani ilisogea, naye akaingia moja kwa moja bila kuikanyaga ardhi ya Zanzibar, hivyo hapakuwa na mahali pa kumkamatia. Wengi wanajua vita vile vilikuwa vifupi kuliko vyote duniani na huvisimulia kama kichekesho. Mimi navisoma kama cheti cha kifo. Kuanzia siku ile mtu hakuwa Sultani kwa sababu ya damu, wala upanga, wala ridhaa ya watu. Alikuwa Sultani kwa sababu balozi alikubali.

Na nasaba yenyewe inalithibitisha hilo kwa namna ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Hesabu jina kamili la Sultani wa mwisho: Jamshid bin Abdullah bin Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said. Thuwaini! Yule yule aliyepoteza Zanzibar mwaka 1861, ambaye meli zake zilirudishwa na Waingereza alipotaka kuja kuichukua kwa nguvu. Tangu 1911, alipojiuzulu Ali bin Hamud na kuwekwa Khalifa bin Harub, kizazi cha Thuwaini ndicho kilichokaa Unguja mpaka mwisho. "Kama" kubwa kabisa ya mwaka 1856, kwamba Thuwaini angalishinda na wanawe wakatawala visiwa, ilitokea kweli! Ilitokea kimya kimya, na haikubadilisha kitu. Mashamba yalibaki yalivyo, kodi zilibaki zilivyo, balozi aliendelea kuamua. Sijui ushahidi mwingine ulio bora kuliko huu kwa anayetaka kupima kama mtu aliyevaa kilemba alikuwa na uzito.

Ikiwa tunatafuta tukio la karne ya 19 lililoacha alama hadi kwenye masanduku ya kura, mimi nitataja upepo kabla ya mwana wa mfalme yeyote. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kiliing'oa mikarafuu sehemu kubwa ya kisiwa na kuzivunja meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa, na toka hapo ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu. Utaratibu wa ardhi Pemba haukuwa ule wa mashamba makubwa ya Unguja. Wapemba wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, na Waarabu wengi wa kule walikuwa wakulima majirani zao, wakioana na kuzikana. Ulipokuja wakati wa vyama, ujumbe wa Afro-Shirazi Party (ASP), uliowagusa sana vibarua na maskwota wa Unguja, yaani wakulima walioishi na kulima kwenye mashamba ya wengine, haukupokewa Pemba kwa uzito ule ule. Sisemi upepo wa 1872 ulipiga kura mwaka 1961. Nasema anayetaka kuelewa kwa nini Pemba ilipiga kura ilivyopiga atapata zaidi kwenye mikarafuu kuliko kwenye shajara ya Kasri.

Twende basi kwenye mlango wenyewe. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22. ASP ilipata 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikichukua kwa kura moja. Wabunge watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na hakuna aliyeweza kuunda serikali. Ikawekwa serikali ya muda chini ya Waingereza, kiti kimoja kikaongezwa, na Juni uchaguzi ukarudiwa: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii ZNP na ZPPP walikwenda pamoja na wakaunda serikali. Lakini siku ya kura ghasia zilikuwa zimelipuka Unguja na watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Sasa rudi Januari. Mtu mmoja tu Chake Chake, aliyeugua, aliyechelewa, au aliyebadili mawazo akiwa kwenye mstari, angaliifanya hesabu iwe ASP 9, ZNP 10, ZPPP 3. Pamoja na wale wawili, ZNP ingalikuwa na 12 dhidi ya 10. Serikali ingaliundwa Januari. Kusingalikuwa na uchaguzi wa Juni, wala siku ile ya Juni iliyowafundisha majirani kuogopana.

Hapa lazima nijizuie kwa nidhamu ile ile niliyoidai kwa wengine. Je, serikali ya ZNP ya Januari 1961 ingalileta amani? Sidhani ningeweza kudai hivyo. Chuki ya miaka ile ilikuwa na mizizi yake. Kulikuwa na migomo ya maduka, kulikuwa na maskwota waliofukuzwa mashambani kwa sababu ya chama, na juu ya yote kulikuwa na kumbukumbu ya utumwa, ambao kisheria ulikomeshwa Zanzibar mwaka 1897 tu. Kuna wazee waliokuwa hai mwaka 1961 ambao mama zao waliuzwa. Ninachosema ni kidogo zaidi: siku mahususi ya damu ingaliepukika, na siku za damu zina tabia ya kuzaana. Kila aliyeshika panga Januari 1964 alikuwa ameishi Juni 1961, ama kama aliyepiga ama kama aliyepigwa.

Kisha ukaja Julai 1963, viti 31. ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote na viti 13. ZNP viti 12, ZPPP viti 6, jumla 18. Wengi wa wapiga kura walikwenda nyumbani wakiwa wameshinda na kushindwa siku moja. Kwa kanuni ya jimbo moja mbunge mmoja jambo hilo ni halali kabisa, na wanaosema kulikuwa na wizi wa wazi wanapaswa kukumbuka kwamba kura za ASP zilirundikana Unguja, ambako ziliwapa ushindi mnono majimbo machache, wakati wapinzani wao walishinda kwa tofauti ndogo sehemu nyingi. Lakini uhalali wa sheria haukutosha kubeba nchi mpya. Lau viti vingaligawanywa kwa uwiano wa kura, ASP ingaliunda serikali, na bendera ya uhuru ya tarehe 10 Desemba 1963 ingalipandishwa na waziri mkuu mwingine mbele ya Sultani yule yule. Hakuna aliyehitaji kufa wala kuzaliwa ili hilo litokee. Ilihitajika karatasi nyingine ya kanuni huko ambako katiba iliandikwa.

Ndiyo sababu napata tabu na hoja inayorudiwa zaidi kuliko zote, kwamba Mapinduzi yasingalitokea, Zanzibar leo ingalikuwa kama Muscat au Dubai. Ni hoja dhaifu kuliko zote, na kwa kuwa inapendwa sana, inastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Mwaka 1964 Muscat haikuwa na kitu cha kuionea fahari mbele ya Unguja. Mafuta ya Oman yalianza kusafirishwa mwaka 1967. Sultani Qaboos alipomwondoa baba yake mwezi Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na kilomita kama 10 za lami na shule tatu. Wazanzibari wenye asili ya Oman waliokwenda huko baada ya hapo walipata kazi za serikali na ualimu kwa sababu walitoka mahali palipokuwa na shule na Oman haikuwa nazo. Kilichoibadilisha Oman ni mafuta yaliyoendeshwa na mtawala aliyeamua kuyatumia. Zanzibar ilikuwa na karafuu, zao ambalo bei yake hupandishwa na kushushwa na wanunuzi wa mbali. Kuwa na ukoo mmoja wa kifalme hakuhamishi mafuta kutoka chini ya jangwa moja hadi chini ya kisiwa kingine. Na kama undugu wa kiti ungalikuwa na nguvu inayodaiwa, Jamshid asingaliishi Portsmouth, Uingereza, kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kuruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020.

Kuna hoja nyingine ya upande huo ambayo naiheshimu zaidi. Inasema: Khalifa bin Harub alitawala kuanzia 1911 hadi 1960, akaheshimiwa na watu wa kila upande. Angaliishi hadi Januari 1964 angalikuwa na umri wa miaka 84, jambo la kawaida kabisa, na heshima yake ingaliwazuia watu. Hii ni "kama" nzuri, ndogo, isiyohitaji muujiza. Lakini utazame usiku wenyewe. Washambuliaji walikwenda Ziwani na Mtoni, kwenye ghala za silaha za polisi. Miongoni mwao walikuwamo askari waliokuwa wameachishwa kazi na serikali mpya kwa sababu ya asili yao ya bara. Chama cha Umma cha Abdulrahman Babu kilikuwa kimepigwa marufuku siku chache tu kabla. Uhuru ulikuwa na siku 33, na serikali ya waziri mkuu Mohammed Shamte ilipoomba msaada wa Waingereza, haikuupata. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichosainiwa na Sultani. Mzee Khalifa angalikuwapo, nadhani angalipanda meli ile ile ya Seyyid Khalifa, iliyobeba jina lake, akaelekea Mombasa na kukataliwa kushuka kama alivyokataliwa mjukuu wake.

Upande wa pili nao una udhaifu wake, na haunipendezi zaidi. Wale wanaosema Mapinduzi yalikuwa hayaepukiki, kwamba yaliandikwa tangu mtumwa wa kwanza aliposhushwa Forodhani, wanawaondolea watu wa 1961 na 1963 wajibu wao wote. Kama hayakuepukika, basi aliyechora mipaka ya majimbo hakukosea, aliyefukuza polisi hakukosea, aliyefukuza maskwota hakukosea, na aliyeua majirani zake baada ya tarehe 12 Januari, wakiwamo wachuuzi wa maduka ya shamba ambao hawakuwa na ukoo wa kifalme wala chama, naye hakukosea, maana alikuwa chombo tu cha historia. Siwezi kulikubali hilo. Watu wengi walikufa wakati ule, na waliowaua walikuwa na hiari.

Ninachotaka kusema juu ya mjadala wa sasa ni kwamba tukiendelea kuliweka swali kwenye kilemba, tutaendelea kugombana juu ya jambo ambalo haliwezi kurudi na ambalo hata lilipokuwapo halikuamua. Tukilihamishia kwenye kanuni, linakuwa swali letu. Januari 1961, baada ya 11 kwa 11, wanasiasa wa pande zote waliwekwa ndani ya serikali moja ya muda, wakakaa vikao pamoja kwa miezi kadhaa. Wote walikiona kipindi kile kama chumba cha kusubiri uchaguzi mwingine, na sijui aliyependekeza kwamba hicho chenyewe kiwe utaratibu wa kudumu. Mwezi Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na takriban asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo mshindi anatawala pamoja na anayemfuata. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, mpango ule ulivunjika, kisha ukarudi Desemba 2020 Maalim Seif Sharif Hamad alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kanuni iliyokubaliwa 2010 ingaliweza kuandikwa 1961, na watu wale wale waliokuwamo chumbani, kabla ya Juni. Nikiambiwa niandike historia ya Zanzibar isiyokuwa, nitaanzia katika vikao vile, na Sultani nitamwacha Kasri kwake akisubiri kuambiwa yaliyoamuliwa, kama ilivyokuwa kawaida tangu 1896.